Picha za Wazee Wenye Bastola

Mara nyingi vijana niliowafundisha, na hata wazazi wao, wameniuliza kama ni aibu kwa mtu aliyesoma kuingia katika kibanda cha picha, akakaa juu ya benchi saa moja na nusu akiwatazama Wamarekani wakipigana bastola. Siku zote nimewajibu kwa mzaha, maana mimi mwenyewe ni mmoja wa hao waingiao. Leo nataka kujibu pasipo mzaha, kwa sababu limenipata jambo katika kibanda hicho ambalo sijaweza kulisahau.

Sisemi habari za picha zote. Nasema habari za namna moja tu, nayo wapenzi wa sinema huitambua mara waionapo. Ni picha iliyotengenezwa kwa fedha kidogo na kwa siku chache, na juu ya kasha lake pana uso mkubwa wa mchezaji aliyekuwa mashuhuri tulipokuwa vijana, ambaye sasa ana mvi au upara. Ameshika bastola. Nyuma yake moto unawaka. Jina la picha ni maneno mawili makali yasiyo na maana sana. Ukilichukua jina la hii ukaipa ile, hapana atakayedhurika. Hadithi nayo ni moja: mzee aliyekuwa askari, au polisi, au mpelelezi, ameiacha kazi, watu waovu wamemteka binti yake, mzee anarudi kazini. Twaujua mwisho kabla ya kuketi. Watoto husema steringi hafi, na hiyo ndiyo elimu yote ihitajikayo.

Waandishi wachambuao sinema katika Ulaya na Marekani husema kwamba kupenda picha za namna hii ni furaha ya kuonea haya. Mtu huzitazama usiku peke yake, na asubuhi huwaambia wenzake kwamba alikuwa akisoma kitabu. Mimi nakubali kwamba haya ipo, lakini sidhani kwamba wameiweka mahali pake. Wao huona haya kwa sababu picha ni hafifu. Hiyo kwangu si haya. Chakula cha mkahawani nacho ni hafifu, nasi twala tukasafiri.

Kwanza niseme furaha yenyewe hutoka wapi. Mfano ninaoujua vema ni Charles Bronson, mtoto wa mchimba makaa aliyezaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha Ehrenfeld, jimbo la Pennsylvania, ambaye mwenyewe aliingia mgodini kabla hajawa mchezaji. Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 52, alicheza katika picha iitwayo Death Wish. Ndani yake yeye ni mchora ramani za majengo katika mji wa New York ambaye mkewe ameuawa na binti yake ameharibiwa, naye atoka usiku na bastola kuwawinda wahalifu. Picha hiyo ilizaa nyingine nne. Ya pili, ya tatu na ya nne, za miaka 1982, 1985 na 1987, zilitengenezwa na kampuni ya Cannon, iliyonunuliwa mwaka 1979 na Menahem Golan na Yoram Globus, mtu na binamu yake kutoka Israeli, ambao walisifika kwa kutengeneza picha nyingi, upesi, na kwa bei nafuu. Ya tano ilitoka mwaka 1994. Bronson alikuwa na miaka 72, na bado aliwafukuza majambazi.

Picha hizo zililaumiwa sana, na kwa haki. Zafundisha kwamba mtu aliyedhulumiwa aweza kuwa hakimu na mnyongaji kwa wakati mmoja, na kila nakala iliyofuata ilihubiri jambo hilo kwa sauti kubwa zaidi na akili ndogo zaidi. Sisi tulio katika nchi ambamo mwizi wa kuku amepata kuchomwa moto sokoni hatuna ruhusa ya kulicheka fundisho hilo. Walakini nikimtazama Bronson, siwezi kuyaondoa macho. Uso wake ulikuwa kama ukuta wa udongo uliopigwa na masika mengi: umepasuka kila mahali, na umesimama. Hasemi sana. Akipanda ngazi, waona kwamba ngazi ni ndefu. Kijana akiruka ukuta katika sinema, mimi sioni ajabu, kwa kuwa vijana wameumbiwa kuruka. Mzee akiruka, moyo wangu waruka naye, kwa sababu huenda asifike upande wa pili.

Kadhalika Liam Neeson, mtu wa Ballymena katika Ireland ya Kaskazini. Huyu alikuwa amekwisha kuheshimiwa kwa picha nzito. Mwaka 1993 ndiye aliyekuwa Oskar Schindler katika ile habari ya Wayahudi waliookolewa. Kisha mwaka 2008, mwenye miaka 55, alicheza katika Taken, picha ya Wafaransa iliyoongozwa na Pierre Morel. Mwenyewe amesema alidhani itakwenda moja kwa moja katika maduka ya kanda isionekane katika majumba ya sinema. Iligharimu kama dola milioni 25 na kuingiza zaidi ya milioni 226. Watu waikumbuka kwa mazungumzo ya simu: binti ametekwa Paris, baba yupo mbali, naye awaambia watekaji kwa sauti ya chini kwamba atawapata. Hapigi kelele. Kila mzazi aliyewahi kumpakia binti yake katika basi la kwenda mjini ameisikia sauti hiyo moyoni mwake mwenyewe, ijapokuwa hakuwa na ujuzi wala bastola ya kuitimiza.

Basi ndilo shina la furaha yetu. Yuko mzee akaaye chini ya mwembe, na nyumba nzima yadhani kwamba habari yake imekwisha. Vijana humpita wakimsalimu bila kumtazama. Ndipo usiku mmoja hatari yaingia uani, na yeye ndiye ainukaye. Sote twatamani iwe hivyo, kwa ajili ya baba zetu, na kwa ajili yetu wenyewe tunapokaribia mwembe. Hapana haya katika tamaa hiyo. Hata Sylvester Stallone, ambaye jina lake la Rambo tuliliweka juu ya mifuko ya plastiki mpaka mifuko yote ikaitwa rambo, alirudi mwaka 2019 akiwa na miaka 73 kupigana tena. Mwaka huohuo, tarehe 1 Juni, serikali ya Tanzania iliipiga marufuku mifuko. Rambo wa Vietnam hakushindwa na jeshi. Wa kwetu alishindwa na tangazo.

Sasa yanipasa kueleza biashara, maana asiyeijua hataelewa kwa nini nakasirika. Picha ya namna hii aghalabu huuzwa kabla haijatengenezwa. Mtengenezaji huenda katika soko la picha, kama lile lifanyikalo Cannes katika Ufaransa, au lile la Wamarekani lililoanza mwaka 1981, akiwa na tangazo na jina la mchezaji. Wanunuzi wa nchi mbalimbali huuliza: Nani yumo? Wakisikia jina walijualo, hutoa ahadi ya fedha, kila mmoja kwa nchi yake, na kwa ahadi hizo mtengenezaji hukopa benki. Tena huchagua mahali ambapo serikali hurudisha sehemu ya gharama. Jimbo la Georgia, kwa mfano, tangu mwaka 2008 limetoa nafuu ya kodi iwezayo kufika asilimia 30 ya fedha zitumiwazo huko. Hivyo picha yaweza kuwa imekaribia kulipiwa yote kabla mtazamaji hata mmoja hajaiona, na uzuri wake au ubaya wake haubadilishi hesabu sana. Kinachonunuliwa ni uso ulio juu ya kasha.

Na kwa kuwa uso huo ni ghali, hukodiwa kwa muda mfupi. Mchezaji huja siku moja au mbili, husema maneno yake yote mfululizo, hupigwa picha ameketi nyuma ya meza au amesimama karibu na gari, kisha huenda zake. Siku zilizobaki mtu mwingine mwenye upara kama wake hupigwa picha kwa nyuma. Ukiwa mwangalifu utaona: mgongo wakimbia, uso umekaa. Watazamaji wa Marekani wamezipa picha hizi jina la dhihaka ambalo mimi ningelitafsiri Chambo cha Kizee. Mzee ndiye chambo, na samaki ni sisi.

Katika miaka ya karibuni hapakuwa na uso uliokodiwa zaidi ya ule wa Bruce Willis. Kwa muda wa kama miaka minne alionekana katika picha za namna hii zaidi ya 20. Nami nilizitazama nyingi, nikizicheka. Nakiri kwamba kucheka kulikuwa nusu ya raha yangu. Nilikuwa nikiwahesabia wenzangu dakika alizoonekana, nikaigiza jinsi alivyosema maneno matatu akatazama pembeni. Nilijiona mchambuzi hodari.

Mwishoni mwa mwaka 2021 nilikuwa katika kile kibanda cha kwetu, ambacho vijana hukiita kibanda umiza, jina la haki kabisa kwa mtu aliyekalia benchi zake. Ilionyeshwa Hard Kill, ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Matt Eskandari. Ndani yake Willis ni tajiri wa mambo ya kompyuta ambaye binti yake ametekwa, naye amewakodi askari wa kumwokoa. Habari nyingi zatokea ndani ya jengo lililoachwa, na yeye huonekana hapa na pale. Wasomaji mwajua kwamba katika vibanda vyetu mara nyingi yuko mfasiri, ambaye sauti yake ya Kiswahili huwekwa juu ya sauti ya picha, na akipenda huongeza utani wake. Maneno ya mchezaji mwenyewe huyasikii. Wabaki na uso tu.

Kando yangu aliketi mzee mmoja jirani yangu, mtu asiyejua kusoma, ambaye huja kwa ajili ya milipuko. Nilipocheka, aligeuka.

“Mwalimu, wacheka nini?”

“Mzee, namcheka mvivu huyu. Amelipwa bure.”

Alinyamaza mpaka Willis alipoonekana tena. Kisha akasema, “Huyo si mvivu. Mtazame macho. Mwenziwe akimsemesha, yeye hungoja kwanza, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Marehemu kaka yangu alianza hivyohivyo. Miaka miwili baadaye alinisahau jina.”

Sikumjibu neno. Kusema kweli nilidhani kwamba mzee hajui mambo ya sinema.

Tarehe 30 Machi 2022 jamaa za Willis walitangaza kwamba ameacha kazi kwa sababu ya afasia, yaani ugonjwa wa ubongo umpotezao mtu uwezo wa kusema na kuelewa maneno. Tarehe 16 Februari 2023 walitangaza tena kwamba ugonjwa umejulikana kuwa ule uharibuo sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, usio na dawa ya kuuponya. Siku hizohizo za Machi gazeti la Los Angeles Times lilieleza yaliyosemwa na watu waliofanya kazi naye: kwamba alisomewa maneno yake kwa chombo kidogo kilichotiwa sikioni, kwamba mapatano yalikuwa kwa kawaida siku mbili za kazi kwa dola milioni mbili, na kwamba mwongozaji mmoja, tangu Juni 2020, alikuwa amemwandikia mtunzi apunguze maneno ya Willis, yawe mafupi, pasiwe na hotuba ndefu. Ni haki kuandika pia kwamba wakili wake alisema mwenyewe alitaka kufanya kazi na aliweza, na kwamba watu wengi walipata riziki kwa ajili yake. Siwezi kuhukumu kilichokuwa moyoni mwa mgonjwa. Pengine kazi ilimfariji. Nimewaona wazee wetu wakishika jembe asubuhi wasilolitumia, wala hapana aliye na ubaya wa kuwanyang’anya.

Lakini jembe lile haliuzwi Cannes.

Habari iliyonichoma zaidi ni hii. Wako Wamarekani watoao kila mwaka tuzo za dhihaka kwa picha mbaya kuliko zote. Zaitwa Golden Raspberry, nazo zilianza mwaka 1981. Mwaka 2022 walimfanyia Willis fungu lake peke yake, kwa kuwa mwaka mmoja ulikuwa umempatia picha nane, wakashindanisha hizo nane zenyewe kwa zenyewe. Tarehe 26 Machi walitangaza kwamba Cosmic Sin ndiyo iliyoshinda. Siku nne baadaye ikaja habari ya ugonjwa, na kesho yake wakaifuta tuzo. Nilipoyasoma hayo sikuweza kuwalaumu. Mimi nami nilikuwa nimempa tuzo hiyo, juu ya benchi, mbele ya watu, na tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kuambiwa.

Hapo ndipo nionapo haya ilipo. Haimo katika kupenda milipuko. Imo katika hili, kwamba twalipa kuuona uso wa mzee kwa kuwa twatamani ainuke, na tukisha kulipa hatuutazami. Watu wenye elimu na kalamu waliona pengo katika kazi ya mtu huyu miaka kadhaa, wakalipa majina: uvivu, tamaa, kiburi. Macho yao yalikuwa juu ya ubaya wa picha, maana ubaya wa picha huchekesha.

Je, picha hizi zaweza kufanywa kwa heshima? Zaweza, na sitoi ushahidi kutoka kwa wakubwa wa sanaa bali kwa Jean-Claude Van Damme, Mbelgiji wa mateke, ambaye wengi wenu mwamjua kuliko mawaziri. Mwaka 2008 alicheza katika JCVD, iliyoongozwa na Mfaransa Mabrouk El Mechri. Humo Van Damme ni Van Damme: mchezaji aliyechoka, agombaniaye binti yake mahakamani, anayekosa fedha. Picha yaanza kwa mapigano marefu yasiyokatwa, risasi na moto na maadui chungu nzima. Yakiisha, steringi yuapumua kwa shida na kumlalamikia mwongozaji kwamba yeye ana miaka 47. Kisha anaingia katika posta moja ya Brussels na kukuta wanyang’anyi, na polisi walio nje wadhani yeye ndiye mnyang’anyi. Karibu na mwisho kiti chake chainuliwa juu ya mapambo ya jukwaa mpaka taa zaonekana, naye asema na watazamaji uso kwa uso dakika kadhaa, bila kukatwa, habari za maisha yake, na machozi yamtoka. Sijui mchezaji mwingine wa mateke aliyethubutu jambo hilo. Picha haikumficha mzee nyuma ya mgongo wa mtu mwingine. Ilimwuliza amekuwaje, ikangoja jibu.

Nilipopata habari ya Willis nilikwenda kwa jirani yangu. Nilimwamkia, nikamweleza yote, na ya kwamba alikuwa amesema kweli kabla ya magazeti. Hakufurahi. Aliuliza neno moja tu: “Na hao waliomvika nguo na kumshikisha bastola, hawakuwa na kaka?”

Nilimwambia kwamba katika ujana wake mtu huyu alikuwa namna nyingine kabisa. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1955, baba akiwa askari wa Kimarekani na mama Mjerumani, akakulia New Jersey, na alipokuwa mtoto alikuwa na kigugumizi kikali. Akiwa shuleni aligundua kwamba akisimama jukwaani kusema maneno ya mchezo, kigugumizi humwacha. Ndiyo iliyompeleka katika kazi hii. Mzee alitaka kuona. Basi nikamwomba mwenye kibanda atutafutie Die Hard, ya mwaka 1988, nikalipa kiingilio cha watu wawili. Na kwa kuwa siku ile mfasiri alikuwa amesafiri, tuliisikia picha kwa sauti yake yenyewe.

Ni picha kubwa, haikuwa ya bei nafuu, lakini ndiyo mama wa zile nyingine zote. Usiku wa kuamkia Krismasi polisi mmoja amenaswa ndani ya jengo refu la Los Angeles lililotekwa na wanyang’anyi. Hana viatu. Wavunja vioo kusudi, naye akanyaga vigae, aacha damu sakafuni. Na wakati wote husema. Hujisemea mwenyewe akitambaa katika mabomba ya hewa, huwatania maadui kwa simu ya upepo, humweleza polisi mwenziwe aliye nje mambo ambayo hajapata kumwambia mkewe. Mzee hakuelewa hata neno moja la Kiingereza. Aliinamisha kichwa, akawa anasikiliza sauti kuliko kutazama, na hata milipuko ilipoanza hakuinua macho upesi kama desturi yake.

Tulipotoka nje palikuwa na giza, nikamshika mkono kwa ajili ya mfereji uliopo mlangoni.

“Alikuwa msemaji,” akasema.

“Naam, Mzee.”

“Msemaji hasa.”